Kadi Inayolala Nyumbani

Kadi ya kliniki haikai kliniki. Inakaa nyumbani, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro au kwenye sanduku la nguo pamoja na vitenge na vyeti, na siku ya kupima uzito mama huitoa, akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia. Mtoto akipelekwa kwa bibi yake Kigoma, kadi inakwenda naye. Akianza shule, mwalimu anaweza kuiulizia. Tumeizoea kiasi kwamba hatujiulizi kwa nini serikali, ambayo hufungia makabatini karatasi zake karibu zote, iliwaachia akina mama karatasi hii moja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilichukua miaka mingi na mabishano mengi mpaka watu wa hospitali wakubali kwamba mama, hata asiyejua kusoma, anafaa kushika kumbukumbu za afya ya mwanawe. Nami naamini kukubali huko ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyowahi kutokea katika tiba ya watoto barani Afrika, makubwa kama dawa nyingi tunazozisifu. Safari yake inapita Accra, Ilesha, Kampala na Iringa. Tuanzie Accra.

Cicely Williams alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasomea udaktari Oxford katika miaka ambayo wanaume wengi walikuwa wamekwenda kwenye Vita Kuu ya Kwanza na nafasi zikapatikana kwa wanawake. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimwajiri kwenda Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Alipokelewa kama daktari mwanamke, ngazi yenye mshahara mdogo kuliko wa wanaume waliofanya kazi ile ile, akapangiwa watoto. Katika hospitali ya Princess Marie Louise aliletewa watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na mikono, nywele zao zimekuwa nyepesi na nyekundu, ngozi inabanduka. Walikuwa wanyonge, wenye hasira, hawataki chakula. Wengi walikufa. Vitabu alivyosomea havikumsaidia, na baadhi ya wenzake waliutaja ugonjwa ule kuwa ni ugonjwa mwingine, pelagra, jambo ambalo yeye hakulikubali baada ya kuwachunguza watoto wenyewe, hai na maiti.

Ndipo akauliza. Aliwauliza wauguzi wenyeji na akina mama waliowaleta watoto wao, na akakuta kwamba ugonjwa ule ulikuwa unajulikana vizuri mtaani. Katika lugha ya Ga, lugha ya watu wa Accra, uliitwa kwashiorkor, na kila mwanamke alijua humpata nani: mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mdogo wake amekuja.

Sisi nasi, pwani na bara, tuna maneno ya jambo hili. Mtoto anayenyonya akikonda, akivimba nyayo, nywele zikipoteza rangi, jirani hunong'ona kwamba amebemendwa: wazazi wamekutana kabla hajaacha ziwa, au mama amebeba mimba nyingine mapema mno. Imani hiyo imewaumiza wanawake wengi. Inaufanya ugonjwa wa mtoto kuwa aibu ya kitandani, na mama mwenye aibu humficha mtoto wakati ambapo kila siku ina thamani. Lakini chini ya aibu ile umelala uchunguzi wa kweli, wa vizazi vingi, kwamba watoto wanaozaliwa karibu karibu wako hatarini. Madaktari wengi wa zama zile waliposikia maelezo ya namna hii waliyatupa yote kama ushirikina, uchunguzi na tafsiri yake kwa pamoja. Williams aliuchukua uchunguzi, kisha akauliza swali la pili: huyu mtoto aliyetoka ziwani, anakula nini?

Alikuwa anakula mahindi. Uji wa mahindi asubuhi, mahindi mchana, mahindi usiku, bila samaki, bila maharage, bila maziwa. Mwaka 1933 Williams alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huu na uhusiano wake na mlo wa mahindi, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la Lancet, safari hii akiutaja kwa jina alilopewa na wanawake wa Accra. Leo vitabu vya tiba vya dunia nzima vinatumia jina hilo, na Waswahili tuna kwashakoo na unyafuzi. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu yote yanayotokea ndani ya mwili mpaka mtoto avimbe vile. Kuhusu mtoto yupi yuko hatarini, wale akina mama hawakuwa wamekosea.

Kuna jambo jingine lililomsumbua Williams Accra, na ndilo linalotupeleka kwenye kadi. Huduma za watoto zilikuwa zimekatwa vipande viwili. Upande mmoja hospitali, kwa wagonjwa. Upande mwingine kliniki za ustawi wa watoto, mahali pa kupima uzito na kutoa nasaha kwa watoto wazima. Mfumo huo ulitoka Ulaya. Mjini Paris, mwaka 1892, Pierre Budin wa hospitali ya Charité alikuwa ameanza kuwaita kila wiki akina mama waliojifungulia kwake ili awapime watoto uzito na kuwashauri jinsi ya kuwanyonyesha, na wazo hilo lilienea haraka hadi Uingereza. Lakini huko daktari wa kutibu alikuwa mtaa wa pili. Katika makoloni, mama aliyetembea nusu siku kuja kwenye mzani, mtoto akiwa na homa, aliambiwa hapa hatutibu. Akienda hospitalini alitibiwa homa na kurudishwa nyumbani bila mtu kuuliza mtoto anakula nini. Williams alishikilia maisha yake yote kwamba kinga na tiba ya mtoto ni kazi moja, ya mlango mmoja, ya mtu mmoja anayemfahamu mtoto na nyumba anayotoka.

Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya. Huko alikuta jambo tofauti: akina mama wenye maziwa ya kutosha wakishawishiwa na matangazo kuwapa watoto wachanga maziwa ya kopo yenye sukari, na watoto wakifa kwa kuharisha. Mwaka 1939 alialikwa kuzungumza mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore, wafanyabiashara na wakubwa wa mji, akawaambia waziwazi kwamba propaganda ya kuwatoa watoto ziwani ihesabiwe kuwa ni mauaji. Ilipita miaka 42 kabla Baraza Kuu la Afya Duniani kupitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa ya watoto, mwaka 1981, kwa kura 118 dhidi ya moja, kura ya Marekani. Katika miaka hiyo 42 Williams alipitia kifungo cha Wajapani katika gereza la Changi, akatoka hai, na mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani lililokuwa limeanzishwa mwaka huo huo. Alikufa mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 98.

Sasa kadi yenyewe. Mwaka 1956 Mwingereza mmoja kijana, David Morley, daktari wa watoto, alifika Ilesha, magharibi mwa Nigeria, kufanya kazi katika hospitali ya Wamethodisti ya Wesley Guild. Karibu na Ilesha kuna kijiji cha Imesi-Ile. Huko Morley na wauguzi aliofanya nao kazi waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, mwezi baada ya mwezi, ili kujua ni nini hasa kinachowaua. Walikuta majina yale yale: kuharisha, malaria, nimonia, surua, kifaduro, na chini ya yote, njaa ya mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 3, asiyenyonya vya kutosha tena na asiyeweza bado kugombea chakula kwenye sinia moja na wakubwa zake.

Surua ilimshughulisha zaidi. Katika Ulaya ya wakati ule surua ilikuwa maradhi ya wiki moja kitandani. Huko Imesi-Ile iliua, na waliopona walitoka wamepoteza uzito mwingi kiasi kwamba iliwachukua wiki nyingi kurudi walipokuwa, na kabla hawajarudi homa nyingine iliwakuta. Morley aliandika juu ya tofauti hiyo mpaka ikasikika, na Ilesha ikawa miongoni mwa mahali ambapo chanjo ya surua ilijaribiwa mapema Afrika. Lakini asingeweza kuiona tofauti ile kama asingekuwa na uzito wa kila mtoto kabla ya ugonjwa na baada yake.

Hapo ndipo chati ilipozaliwa. Msomaji aliyewahi kuishika ataijua: miaka na miezi imepangwa chini, kilo zimepangwa pembeni, na mistari miwili inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia kama kingo za barabara. Uerevu wake umo katika visanduku vya chini. Mwezi wa kwanza unaoandikwa si Januari. Ni mwezi aliozaliwa mtoto. Ukishaandika hivyo, miezi mingine inafuata mpaka miaka mitano, na muuguzi mwenye foleni ndefu hana haja tena ya kukokotoa umri wa mtoto. Anatafuta mwezi wa leo, anapanda juu mpaka kilo za leo, anatia nukta, anaunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mama anaona.

Nukta moja haisemi mengi. Kilo 8 zinaweza kuwa afya njema kwa mtoto mmoja na mwanzo wa msiba kwa mwingine wa umri ule ule. Kinachosema ni mwelekeo. Mstari ukipanda, mtoto anakua, hata kama ni mdogo wa umbo. Mstari ukilala kwa miezi miwili, kuna jambo, ingawa mtoto anacheza na shangazi wote wanasema amenenepa. Ukishuka, usingoje mwezi ujao. Jicho la binadamu, hata la daktari, halioni gramu 300 ambazo hazikuongezeka. Mtoto anapoonekana kwa macho kuwa amekonda, miezi imeshapotea. Morley aliongeza pia kwenye kadi sehemu ya kuandika sababu za kumwangalia mtoto kwa makini zaidi: amezaliwa pacha, amezaliwa na uzito mdogo, ndugu zake wamefariki, mama ana watoto wengi, mzazi mmoja hayupo. Mambo hayo wanawake wa kijiji chochote wanayajua kwa kila nyumba, na sasa yalikuwa na mahali pa kuandikwa.

Kisha akafanya uamuzi ambao ndio kiini cha sura hii: kadi akapewa mama aende nayo.

Waliopinga hawakuwa watu wabaya. Walisema akina mama watazipoteza. Zitanyeshewa, zitaliwa na panya, watoto watazichezea, na mama asiyejua kusoma ataifanyia nini karatasi yenye mistari? Kwa mvua na panya lilipatikana jibu rahisi, mfuko wa plastiki. Kwa hayo mengine jibu lilikuja lenyewe. Akina mama walizitunza, na kadi zilizopotea mikononi mwao zilikuwa chache kuliko mafaili yaliyopotea kwenye makabati ya hospitali. Tena faida ikajitokeza ambayo kabati haiwezi kuitoa. Mtoto aliyeugua safarini alitibiwa na mtu aliyekuwa na historia yake yote mbele ya macho. Na kwenye kliniki hiyo ya watoto wa chini ya miaka 5, iliyoendeshwa zaidi na wauguzi na wakunga kuliko madaktari, mtoto alipimwa, akachanjwa, akatibiwa, na mama akazungumza na mtu, yote siku moja. Mlango ule mmoja aliokuwa akiutaka Williams ulikuwa umefunguliwa.

Morley aliondoka Nigeria mwaka 1961, akafundisha London, na mwaka 1965 akaanzisha huko shirika dogo la kutuma vifaa vya kufundishia vya bei nafuu, TALC, lililosambaza kadi, picha na vitabu kwenye nchi nyingi za joto. Niseme kwa haki kwamba Afrika Magharibi haikuwa mahali pekee lilikozaliwa wazo hili. Japani ilikuwa na daftari la mjamzito tangu 1942 na la mama na mtoto tangu 1948, nalo hukaa na mama; kitabu cha mama na mtoto kinachotumika Kenya leo ni cha ukoo huo.

Afrika Mashariki ilikuwa tayari kwa kadi kabla haijafika, na kwa hilo Kampala ina sifa yake. Hugh Trowell na wenzake wa hospitali ya Mulago walikuwa wameandika kitabu kizima juu ya kwashiorkor mwaka 1954. Daktari Hebe Welbourn aliendesha kliniki za watoto Mengo na vijiji vya jirani katika miaka ya 1950, akaonya mapema juu ya chupa za maziwa zilizoanza kuonekana mijini. Derrick Jelliffe, profesa wa tiba ya watoto Makerere tangu mwisho wa miaka hiyo ya 1950, alifundisha kwamba hospitali inayomlisha mtoto maziwa ya kopo mpaka uvimbe uishe, kisha ikamrudisha kwenye mlo ule ule, imemwahirishia tu kifo. Ndipo likaanzishwa Mulago jengo la Mwanamugimu, ambako mama alikaa na mtoto wake mgonjwa na kumponya mwenyewe kwa vyakula vya shambani kwake, ndizi, maharage, karanga, akajifunza kwa kupika. Sioni njia bora ya kumwambia mama kwamba ana uwezo.

Jelliffe ndiye pia aliyesisitiza kipimo cha mkono wa juu. Kati ya mwaka 1 na miaka 5 unene wa mkono wa mtoto haubadiliki sana, kwa hiyo utepe mmoja unatosha kwa wote bila kujua umri wala kuwa na mzani. Mwaka 1974 Adnan Shakir wa Baghdad, pamoja na Morley, walipendekeza utepe huo upakwe rangi, kijani, njano na nyekundu. Wahudumu wa afya wa vijijini wanautumia mpaka leo, na chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu.

Tanzania iliichukua kadi kwa nguvu katika miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha fedha za afya zilianza kuelekezwa vijijini, zahanati zikajengwa, kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikawakutanisha karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, na tangu katikati ya muongo huo wasichana waliomaliza shule ya msingi walianza kufundishwa kuwa wauguzi wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Hao ndio waliopeleka mzani vijijini. Mzani wenyewe ni ule wa kuning'iniza, wenye uso wa saa na ndoano, unaofungwa kwenye tawi la mwembe au kenchi la paa. Mtoto huvishwa suruali ya turubai, huning'inizwa, hulia, hutulia, mshale husimama. Kadi ya Tanzania ilikuwa na rangi tatu: kijani, kijivu, nyekundu. Mama asiyejua herufi moja alijua mtoto wake yuko wapi.

Lakini kujua rangi ni nusu ya jambo, na hapa lazima niseme lililoharibika. Kliniki nyingi zilijifunza kupima na zikasahau kuzungumza. Foleni ndefu, muuguzi mmoja, watoto mia. Nukta inatiwa, kadi inarudishwa, anayefuata. Mtoto akiwa kwenye kijivu mama huambiwa ampe chakula bora. Chakula bora ni kipi, kinunuliwe kwa fedha ya nani, kipikwe saa ngapi na mwanamke anayetoka shambani jua likizama? Hakuna aliyeuliza. Mbaya zaidi, wapo waliomgombeza mbele ya wenzake, na mama akiisha kugombezwa mara moja mwezi ujao haonekani. Katika miaka ya 1980 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilipoiweka kadi ya ukuaji miongoni mwa silaha zake kuu duniani, pamoja na chumvichumvi ya kutibu kuharisha, kunyonyesha na chanjo, upungufu huo ulisambaa pamoja nayo. Tafiti nyingi zikaonyesha watoto wanaopimwa kwa bidii na mstari unaoshuka kwa utulivu, mwezi hata mwezi, bila mtu kufanya lolote.

Ndiyo maana Iringa inastahili kurasa zake.

Mradi wa lishe wa Iringa ulianza mwaka 1983 katika vijiji 168, ukisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na lile la watoto kwa fedha za serikali ya Italia, huku Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ikiwa mstari wa mbele. Kumbuka ilikuwa miaka gani. Nchi ilikuwa imetoka vitani, maduka matupu, sabuni ya mgawo, zahanati hazina dawa. Hakuna aliyetarajia afya ya watoto ipande wakati huo.

Walichofanya watu wa mradi ni kuitoa hesabu kliniki na kuipeleka kwenye serikali ya kijiji. Kila miezi mitatu ilikuwa Siku ya Afya ya Kijiji. Watoto wote wa chini ya miaka 5 walipimwa, kila mmoja akawekewa nukta kwenye kadi yake, kisha kijiji kikahesabu: wangapi kijani, wangapi kijivu, wangapi nyekundu, na wangapi wamefariki tangu mkutano uliopita. Kamati ya kijiji ilikaa na hesabu hiyo na kuuliza kwa nini. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, kisha tathmini tena baada ya miezi mitatu kuona kama walichoamua kimesaidia. Njaa ya mtoto ikawa ajenda, pamoja na barabara na mbolea, na wanaume walioketi kwenye kamati walilazimika kuijibu.

Majibu ya swali la kwa nini yalikuwa tofauti na yale ya vitabuni. Iringa ni mkoa wa mahindi, na mahindi yalikuwepo. Watoto hawakushiba kwa sababu walilishwa mara mbili kwa siku, na walilishwa mara mbili kwa sababu mama alikuwa shambani, mtoni, kwenye kuni, kwenye kinu. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Milo miwili ya wakubwa haiwezi kumtosha hata sufuria ikijaa. Basi vijiji vikafungua vituo vya kulelea watoto mchana, wakilishwa uji huko. Vikahangaikia mashine za kusaga ili mama apumzike kutwanga.

Na kuna suala la uji. Unga wa mahindi ukipikwa hunywa maji mengi na kuvimba. Ukitaka uji mwepesi ambao mtoto anaweza kumeza, unatia unga kidogo na maji mengi, na mtoto anashiba maji. Ukitia unga wa kutosha, unakuwa mzito kama ugali na mtoto anautema. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waligeukia kitu ambacho kila bibi anayepika pombe anakijua: kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa na kusagwa, unga wake una vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito, na baada ya dakika chache uji unalegea na kuwa wa kunyweka, ilhali unga wote umo ndani yake. Hakuna kilichoagizwa kutoka nje, hakuna kilichonunuliwa. Napenda sana mfano huu kwa sababu ujuzi ulikuwa jikoni tayari, mikononi mwa wanawake, ukitumika kwa kazi nyingine.

Kati ya 1984 na 1988 sehemu ya watoto walio kwenye nyekundu katika vijiji vile ilishuka kutoka takriban 6 katika kila 100 hadi chini ya 2, na wenye uzito pungufu kwa ujumla walipungua kutoka zaidi ya nusu hadi karibu 38 katika kila 100. Mwaka 1990 shirika la watoto lilitoa mchoro wake maarufu wa sababu za utapiamlo, unaoanza na chakula na maradhi, ukashuka hadi malezi, maji na kazi za mama, kisha ukafika kwenye siasa na uchumi. Mchoro huo unaofundishwa vyuoni kote duniani una mizizi yake Iringa.

Limebaki jambo la mistari yenyewe. Ile mistari miwili ya kwenye chati ilitoka wapi? Nani aliamua kwamba mtoto wa miezi 7 awe na kilo hizi?

Chati ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijengwa juu ya vipimo vya Wamarekani, na kwa upande wa watoto wachanga walikuwa watoto wa sehemu moja ya jimbo la Ohio, waliopimwa tangu 1929, wengi wao wakilelewa kwa chupa. Mtoto wa chupa huongezeka uzito kwa namna yake. Anayenyonya huongezeka kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha karibu na mwezi wa tatu au wa nne hupunguza mwendo, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Ukimweka huyu wa pili juu ya mstari wa yule wa kwanza, mwezi wa nne ataonekana anabaki nyuma. Kwa miaka mingi wauguzi waliosoma chati ile kwa uaminifu waliwaambia akina mama wa kwetu kwamba maziwa hayatoshi, waanze uji. Uji ulipoanza mwezi wa nne, kwa maji yasiyochemka vizuri, kuharisha kulianza nao.

Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwapima upya watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra, New Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya California. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawakuvuta sigara na ambao hawakukosa chakula wala matibabu. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Tofauti za kimo zilizotokana na mji zilikuwa takriban 3 katika kila 100. Zilizotokana na mtoto mmoja na mwingine ndani ya mji ule ule zilikuwa 70. Mtoto wa Accra na wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa sawasawa, walikua sawasawa mpaka miaka mitano. Wavulana na wasichana wakapewa chati zao mbalimbali, na mstari wa nusu ya pili ya mwaka wa kwanza ukashushwa kufuata mwendo wa mtoto anayenyonya. Ushauri wa kunyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine hadi miezi 6 kamili ulikuwa umeshatolewa mwaka 2001. Kwa chati ya zamani, mtoto anayenyonya wa miezi mitano alionekana ameanza kulegea mwendo. Kwa hii mpya yuko sawa, na mama aliyembishia muuguzi kwamba ziwa linamtosha mwanawe alikuwa amesema kweli.